Mchuzi Uliogoma Kwisha

Jumatatu, 10 Februari 1975

Nimeshinda mkutano. Siku njema sana.

Kesho kijiji chetu cha ujamaa kinapata wageni kutoka wilayani, wanakuja kukagua. Mwenyekiti wetu, Ta Byabato, alitangaza kuwa ni watu sita na dereva. Mutalemwa, mtunza ghala, akasimama na kile kisauti chake cha puani, akasema mbuzi mmoja atatosha na makombo yatabaki.

Nikasimama mimi, Damian Karugendo, msimamizi wa jiko la kijiji. Nikawaeleza kuwa wageni wa serikali hawajawahi kuja sita tangu tupate Uhuru. Wakisema sita, jua ni thelathini. Kuna wasaidizi, kuna wapambe, kuna mtu wa kubeba mkoba na mtu wa kumwangalia anayebeba mkoba. Hilo nililibuni pale pale, lakini lilitoka vizuri. Nikaomba achinjwe yule ng'ombe dume mzee wa kijiji, ambaye siku hizi kazi yake ni kusimama tu. Makofi. Watu hawajaonja nyama tangu Noeli.

Mutalemwa hakupiga makofi. Akauliza, je, kikibaki? Huu ni mwaka wa njaa, redio kila siku inatuhimiza tupande mihogo, na chakula cha umma si cha kuchezea. Akapendekeza kuwa Jumamosi, siku ya mkutano wa kijiji, tulichungulie pipa la kupikia. Likikutwa na chakula cha nyama ya ng'ombe yule, jiko apewe dada yake Klaudia, na mimi nirudi shambani na wenzangu. Ta Byabato akasema hiyo ni haki kabisa. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba hata Jumatano hakitafika.

Hapa niandike jambo moja lieleweke. Jiko hili ndilo maisha yangu. Msimamizi wa jiko ndiye anayekaa ile nyumba ya nyuma yake, na ile nyumba ina bati. Bati! Zamani tulikaa kwenye nyumba ya nyasi, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda kama watu wanaocheza ngoma. Mke wangu, Joviana, amelipenda bati hilo kuliko alivyowahi kunipenda mimi, na simlaumu. Halafu kuna jembe. Mimi na jembe tulifahamiana miaka miwili katika shamba la pamoja, na hatukupatana.

Lakini nina wasiwasi gani? Nyama haijawahi kubaki Uhayani.

Jumanne, 11 Februari

Nimemchinja dume alfajiri. Kwa kawaida tunamwita Mzee Swaibu, kwa sababu yeye ni Mwislamu, na akichinja yeye kila mtu kijijini anakula bila maswali. Ujira wake ni shingo. Nikatafakari. Shingo nzima ya dume kwa kupitisha kisu mara moja? Nikapitisha mwenyewe. Shingo ikaingia pipani pamoja na mengine. Nikajipongeza.

Kufikia saa nne pipa zima lilikuwa linachemka. Nyama, vitunguu, nyanya chungu, chumvi ya kutosha. Ndizi kando, zimefunikwa kwa majani. Harufu ilifika hadi barabara ya Izigo. Watu wakaanza kupita jikoni kunisalimia, hata wale ambao hawajanisalimia tangu mwaka juzi.

Ta Byabato akakataza mtu yeyote kugusa kabla ya wageni. Tukangoja. Mchana ukapita. Watoto wakalia, mama zao wakawachukua kwenda kuwapa viazi. Saa tisa mvua. Wazee wakaenda zao kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hawakurudi.

Wageni wamefika jua likizama. Wanne! Hata sita hawakutimia. Walikuwa wamezuiwa vijiji viwili njiani, na kote wamelishwa. Mkubwa wao ana vidonda vya tumbo, akaomba maziwa. Wengine wawili walichukua ndizi kwa adabu, bila mchuzi. Dereva peke yake ndiye aliyekula kiume. Alirudia mara mbili, akalamba vidole. Nilimpenda sana yule dereva.

Hotuba zilipokwisha, mvua ilikuwa inamwagika. Wachache walikuja na mabakuli wamejifunika majani ya mgomba, wakachota, wakakimbia. Nilipofunua pipa, mchuzi ulikuwa umeshuka kiganja kimoja tu.

Sikuogopa. Nilimwambia Joviana kesho mchana kijiji kizima kitakula na tutamaliza. Joviana akaniuliza kama najua kesho ni siku gani. Jumatano, nikajibu. Akauliza Jumatano ipi.

Jumatano ya Majivu.

Kijiji kizima cha Wakatoliki, na mimi nimekipikia pipa la nyama mkesha wa Kwaresima. Mpishi gani anasahau Majivu? Joviana amejibu swali hilo, lakini jibu siliandiki hapa.

Jumatano, 12 Februari

Nimepakwa majivu. Ninafunga. Harufu ya mchuzi imenitangulia kanisani.

Ilibidi niuchemshe tena asubuhi usichache, na upepo ulikuwa unavuma kutoka jikoni kwenda kigangoni. Padre alipofika kwenye habari ya vishawishi, waumini wote waligeuza pua upande mmoja. Padre mwenyewe alisimama kidogo, akameza mate, akaendelea. Nadhani alikuwa ananitazama.

Baada ya Misa nikakaa kufikiri. Nani hapa kijijini hafungi leo? Waislamu! Nyumba ya Mzee Swaibu ina watu saba na wote wana afya. Nikachota sufuria kubwa, nikaipeleka huku nikipiga mluzi. Mastura, mke wake, alinipokea kwa furaha, akanishukuru, akafunua, akavuta harufu. Kisha akauliza nani alishika kisu.

Nilitaka kudanganya. Lakini Mzee Swaibu alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, na niliona kuwa jana alikaa hapo hapo kunisubiri nimwite, akanisubiri mpaka akachoka. Nikasema ukweli. Mastura akarudisha mfuniko taratibu. Mzee Swaibu akaniambia, bila hasira, kwamba nisingeionea choyo ile shingo, leo ningekuwa na walaji saba. Hilo nalijua sasa. Nimeiweka shingo, nimewapoteza watu.

Walutheri kijijini ni wawili, Ta Mushumbusi na mama yake. Ta Mushumbusi yuko Bukoba kumwona mgonjwa. Mama yake hana meno. Alikunywa mchuzi vikombe viwili, akausifia sana, akanirudishia nyama yote.

Nikapanda baiskeli mpaka Kemondo, dukani kwa Jayantilal. Wahindi wanaujua mchuzi, nikajisemea, na hawana Majivu. Mke wake, Anasuya, alitokea mlangoni, akanusa kabla sijafungua mdomo, akarudi nyuma hatua moja. Akaniambia nyumba yao haijapika nyama tangu enzi za babu wa babu yake. Nikamuuliza, hata kidogo? Akasema, hata kidogo. Nafikiri alinihurumia, maana aliingia ndani akatoka na pakiti ya bizari, akasema nikiitia hiyo hata maharage yatakuwa karamu. Jayantilal akauliza kwa nini nisiumwage tu. Nikamjibu kwamba hiki ni chakula cha umma. Akauliza huo umma uko wapi, mbona hauli. Nikafunga sufuria, nikapanda baiskeli.

Nimerudi na sufuria ile ile, nzito kama nilivyoondoka nayo. Nikauchemsha tena.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nyama ni ruhusa. Niliamka na ari.

Jiko letu lina dirisha linalotazama barabara, tunauzia wapita njia chai na chakula, na mbele yake kuna ubao. Nikachukua chaki. Kwa kuwa serikali imetangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, nikaona nami niunge mkono. Nikaandika kwa herufi kubwa: LEO TUNA MCHUZI WA KUFA NA KUPONA, TANGU JUMANNE.

Wa kwanza akaja, akasoma, akaomba chai. Wa pili akasoma, akaomba chai. Mutalemwa akapita, akasoma kwa sauti, akashika nguzo ya ukumbi akicheka mpaka machozi. Nilidhani amefurahishwa na siasa yangu. Joviana akatoka na kitambaa, akafuta ubao wote, akaandika neno moja tu, Nyama. Watu wakaanza kula. Sahani moja moja, kwa tahadhari, lakini wanakula.

Hapo ndipo nilipopata wazo kubwa. Nyama ilikuwa imechemshwa mara nyingi hata imebaki nyuzi nyuzi. Nikazichota nyuzi, nikazikamua, nikazitia bizari ya Anasuya. Nikaponda ndizi mbichi zilizochemshwa, nikachanganya, nikafinyanga madonge, nikayakaanga kwenye mafuta. Kababu! Nje kavu, ndani laini, na pilipili ya kukufanya uombe maji kwa adabu.

Madereva wa malori ya Kemondo waliyashambulia. Mmoja alikula akiwa amesimama, kisha akarudi kuchukua ya utingo wake, na utingo akaja mwenyewe kuchukua ya kwake kwa sababu dereva alikuwa ameyala yale. Hata Klaudia alikuja. Akatafuna polepole huku akinitazama, akauliza nimetia nini. Sikumwambia. Hii imekuwa saa tamu kuliko zote wiki hii.

Jioni pipa lilikuwa limebaki robo. Joviana akasema tuwaite majirani hapo hapo wamalize, tulale na amani. Wazo la kawaida la mtu wa kawaida. Nikamweleza kuwa tumegundua soko. Kesho ni siku ya kupakia mizigo bandarini Kemondo, kuna makuli wengi na wote wana njaa. Robo pipa haiwezi kuwatosha. Nikaongeza maji. Mchuzi ukawa mwepesi, nikaongeza ndizi. Ukawa hauna ladha, nikaenda ghalani kuomba maharage. Mutalemwa akanipa bila kubisha, akanisaidia hata kujitwisha. Hilo lilipaswa kunishtua.

Pipa limejaa mpaka juu. Limejaa kuliko Jumanne. Joviana anatazama pipa, ananitazama mimi, kisha anatazama bati.

Ijumaa, 14 Februari

Ijumaa ya Kwaresima.

Ijumaa! Mtu anaweza kusahau Majivu kwa sababu yanakuja mara moja kwa mwaka. Lakini Ijumaa inakuja kila wiki. Joviana anasema alinyamaza jana kwa kuwa aliamini nimekumbuka. Alidhani mtu aliyeumwa na nyoka Jumanne hawezi kumkanyaga huyo huyo Ijumaa. Ameanza kuniamini wakati mbaya.

Niligundua nikiwa Kemondo tayari, na madebe mawili kwenye baiskeli. Makuli walikuja mbio, nikafunua, wakachungulia, wakapiga ishara ya msalaba na kurudi kwenye magunia. Mmoja akaniuliza kwa upole kama mimi ni mpagani. Mwingine, mzee mmoja mwenye njaa ya kweli, akasema atakula maharage nikimtolea nyama. Tukakaa chini tukaanza kuchambua. Lakini zile nyuzi zilikuwa zimejiviringisha kwenye kila punje. Tulichambua mpaka subira ikamwishia, akainuka, akaniombea, akaenda.

Njiani kurudi nikakutana na Padre kwenye pikipiki yake, anakwenda kuongoza Njia ya Msalaba. Akasimama. Akauliza nimebeba nini. Nikasema maharage, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Uso wake ukang'aa. Hajala tangu asubuhi, akasema, na anayapenda maharage kuliko chakula chochote. Akanyoosha mkono kwenye mfuniko.

Nikasema yameharibika, nayapeleka kwa nguruwe. Padre akafurahi zaidi. Parokia ina nguruwe, na mwaka huu hawana cha kuwapa. Atamtuma katekista aje na mkokoteni achukue yote.

Nikaona picha nzima. Nikamwona Ta Byabato akisikia, katika mwaka wa njaa, kwamba dume la kijiji limeliwa na nguruwe. Nikavunjika pale pale barabarani. Nikamweleza Padre kila kitu, kuanzia wageni thelathini wa kubuni mpaka Kufa na Kupona. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ila masharubu yake yalikuwa yanatetemeka. Akanipa kitubio: nimfuate kanisani nikafanye vituo vyote kumi na vinne, kwa magoti. Nimefanya. Magoti yamechubuka. Katika kila kituo niliombea pipa.

Mutalemwa alikuja jioni, eti kusalimia. Alikuwa na fimbo. Alipodhani simwoni, aliitumbukiza pipani, akaitoa, akaitazama ilivyolowa. Wakati wa kuaga akasema Klaudia anauliza mvua huwa inapigia upande gani wa nyumba, apange mahali pa kuweka kitanda.

Nilipoingia ndani nilimkuta Joviana ameiteremsha picha ya Bikira Maria ukutani na kuifunga kwenye khanga. Afadhali angenitukana. Iliniuma sana, na nimekosa usingizi nikisikiliza jinsi nyumba yenye bati inavyokuwa kavu.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mkutano ulikuwa saa nne. Nilitoka mapema kabla watu hawajaamka, nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya migomba kuchimba shimo. Sijawahi kulima kwa bidii namna ile. Joviana alinifuata. Akasema kumwaga chakula mwaka huu ni dhambi kubwa kuliko kula nyama Ijumaa, na yeye hatashika debe hata moja. Nikamwambia asishike, nitashika mwenyewe. Akasema wapo watu huko milimani wanalala njaa. Nilijua ni kweli. Nikaenda kuchota hivyo hivyo, pipa likiwa bado la moto kwa kuchemshwa usiku.

Nilikuwa nimesimama kando ya shimo na debe la kwanza mkononi, tope mpaka magotini, niliposikia malori.

Malori mawili. Yalikuja yakiyumba mpaka uwanjani, yakasimama, yakafunguliwa nyuma, na watu wakaanza kushuka. Familia nzima nzima. Wametolewa huko juu, upande wa Buganguzi, kuletwa kukaa katika kijiji chetu. Walipaswa kuja mwezi ujao, nyumba zao zikiwa tayari. Zilizoko sasa ni nguzo tu. Hakuna aliyetuarifu. Walikuwa na vitanda, kuku, mikungu mibichi ya ndizi, na milango. Wameng'oa milango ya nyumba zao wakaja nayo. Wamenyeshewa usiku kucha njiani, lori moja lilizama matopeni. Hawajala tangu jana asubuhi.

Ta Byabato alitoka akiwa amefunga kifungo kimoja cha shati, akaweka mikono kichwani. Akamwita Mutalemwa alete chakula. Mutalemwa akasema ghalani kuna mahindi, ila hayajasagwa. Akamtazama Klaudia. Klaudia akatazama kuni, akasema zimelowa, na kitu chochote kitachukua mpaka mchana. Watoto walikuwa wamekaa kwenye vifurushi bila kulia, na mtoto asiyelia akiwa na njaa anatisha.

Nikasikia sauti inasema chakula kipo, tena cha moto, tena cha kuwatosha wote. Ilikuwa sauti yangu.

Tuligawa kwa kila chombo kilichopatikana. Joviana aliyekataa kushika debe alishika matatu. Watu walikula kimya, kile kimya cha watu wanaokula kweli. Ndizi, maharage, nyama, bizari. Waliomba waongezwe, nikawaongeza. Palikuwa na bibi mmoja, Benadetha, amekaa juu ya kinu chake kana kwamba kitaibiwa. Alionja, akaniuliza kama hii ni nyama kweli. Nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, ni kweli, waitu. Akasema alidhani wanaletwa mahali pa kuwaweka tu, hakujua kwamba kuna mtu ameamka kuwapikia. Kisha akalia kidogo huku anatafuna. Sikujua pa kuelekeza macho. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona, na wakati huo huo nilifurahi. Nikamtafutia mfupa wa shingo uliokuwa bado na nyama.

Walikula mpaka vijana wakaliinamisha pipa wakalikwangua kwa maganda ya ndizi. Nikachungulia ndani. Chuma. Chuma kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Ninamshukuru Mungu kwa kuniumba nikiwa na macho.

Mkutano ukafunguliwa pale pale uwanjani, wageni wakiwa wamekaa na sisi. Mutalemwa akasimama na fimbo yake. Akafungua mdomo, akalitazama pipa lililogeuzwa juani likauke, akafunga mdomo, akakaa. Ta Byabato akasema amewaongoza watu miaka mingi na hajaona mtu anayetazama mbali kama Ndugu Karugendo. Wakati wengine wanapiga kelele juu ya mabaki, yeye alikuwa anajaza pipa. Akaniuliza mbele ya wote nilijuaje kuwa watakuja.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa nafasi nzuri, tena pana. Nikasema mpishi wa kweli huhisi.

Makofi. Mtu mmoja akauliza na lile shimo nyuma ya migomba ni la nini. Nikasema ni choo cha wageni, nimekianza mwenyewe alfajiri. Makofi tena, marefu zaidi. Jiko limebaki kwangu bila hata kupigiwa kura.

Mchana mvua ilirudi. Tumezikaribisha familia mbili zilale kwetu mpaka nguzo zao zipate paa, na Benadetha amepewa kitanda chetu. Joviana ameirudisha picha ukutani, kisha akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, jambo ambalo halijatokea tangu Jumatatu. Tukaisikiliza mvua ikipiga juu ya bati. Haikuingia tone hata moja. Sijawahi kulala mchana nikiwa na furaha kiasi hiki.

Jumapili, 16 Februari

Niliamka na hofu moja ya mwisho. Mchuzi ule ulikuwa wa tangu Jumanne. Nikazunguka kijiji kizima kabla ya Misa, nikijifanya nasalimia, nikiuliza kila nyumba matumbo yameamkaje. Yote yameamka salama. Watoto walikuwa wanacheza kwenye shimo langu. Benadetha alinipa kahawa za kutafuna kutoka kwenye kimfuko chake, za huko kwao, akaniita mwanangu. Padre alinipa mkono mbele ya kigango, akaukamata kwa muda, masharubu yakatetemeka tena, lakini siri yangu akaitunza. Mtu mzuri sana.

Nikaamua moyoni kwamba sasa nitatulia. Nitapika kinachotosha. Nitamwita Mzee Swaibu kwa wakati wake na shingo atapewa.

Baada ya Misa akaja Mutalemwa, kofia mkononi, na Ta Byabato nyuma yake. Mutalemwa akazungumza bila kutumia pua. Akasema wamepata fununu kwamba kuna watu wengine watakaoletwa, lakini wilayani hakuna anayejua ni lini wala wangapi, na safari hii kijiji hakitaki kuaibika. Wanaomba, kama siwasumbui, nihisi.

Ningeweza kuwaambia sijui. Joviana alikuwa mlangoni anasikiliza, na alikuwa akitikisa kichwa polepole, hapana, hapana. Lakini Mutalemwa alikuwa ameinama kidogo. Wiki nzima nimekuwa nikiota kumwona ameinama.

Nikafumba macho. Nikavuta pumzi kupitia puani. Ijumaa, nikasema. Watu mia.

Ta Byabato ameondoka mbio kumtafuta ng'ombe. Mutalemwa ameondoka mbio kuomba vitunguu. Joviana amerudi ndani, na kutoka hapa ninapoandika naweza kusikia picha ikiteremshwa ukutani.

Nimeshaazima pipa la pili.